Damu Katika Choo cha Mtoto: Vinyama vya Utumbo na Yale Tunayoyaficha



Katika mabaraza yetu ya hapa Uingereza, ya wanaume baada ya sala ya Ijumaa na ya wanawake katika maulidi na hitima, maradhi hayakosi kuzungumzwa. Kisukari kimesemwa sana, presha imesemwa sana, na pumu ya watoto imesemwa hata kila mama amekuwa bingwa wa pampu. Lakini lipo jambo moja ambalo mama hulikuta asubuhi ndani ya poti ya mwanawe, akalimwaga, akaisuuza poti, na asimwambie mtu ila mamaye aliyeko Mombasa au Unguja kwa njia ya simu. Jambo hilo ni damu. Mwezi huu tumeazimia kuliandikia, kwa kuwa tumeona katika jamii yetu kwamba aibu ya kulitaja huwadhuru watoto kuliko maradhi yenyewe.

Tuanze na majibu yanayotoka katika simu hiyo. Bibi wa Mombasa atasema ni chango. Shangazi wa Maskati atasema ni bawasiri, na mjomba wa Dubai atasema mtoto amelishwa pilipili kabla ya wakati wake. Wa nne hatasema neno, ila ataagiza kisomo. Hatuwadharau wakubwa zetu. Wao ndio waliotulea tukakua. Wala kisomo na kombe hatuvikatazi, maana mwenye kumwombea mtoto hajakosea. Tunachokikataa ni kisomo kuwekwa mahali pa daktari, ilhali dini yetu imetuhimiza dua na dawa pamoja. Na chango ni neno pana mno: ndani yake mna minyoo, mna msokoto wa tumbo, mna hata kukosa uzazi kwa wanawake. Neno lenye kubeba maradhi mengi namna hiyo haliwezi kutuambia damu inatoka wapi. Ama bawasiri, hiyo ni nadra kwa mtoto mdogo. Ni maradhi ya watu wazima, na mtoto wa miaka minne anayesemwa kuwa na bawasiri aghalabu ana jambo jingine.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni choo kigumu. Mtoto hukaa siku tatu hajaenda chooni, kisha hujikamua, na pale mahali pa kutokea hupata mchaniko mdogo. Huyo hulia, hushika ukuta, huogopa kukaa tena, na damu yake huwa chache. Matunda, maji na dawa ya kulainisha choo humponya. Lakini ikiwa damu ni nyekundu mbichi, imekipaka choo juu bila ya kuchanganyika nacho, au imedondoka mwishoni, na mtoto haumwi, anacheza na kula kama desturi yake, kisha jambo hilo likarudi baada ya siku au wiki kadhaa, hapo hatuna budi kufikiria kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana. Madaktari hukiita polipu. Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za vinyama vya puani. Basi na utumbo nao huota vinyama.

Sisi tunaowatawaza watoto wetu kwa maji tuna bahati moja juu ya wenyeji wetu wanaotumia karatasi. Mkono wa mama huiona damu mapema, na pengine huhisi kitu laini kinachochungulia na kurudi ndani. Mama wa namna hiyo asijidanganye kwamba alikosea. Alichokihisi alikihisi, na daktari atataka kuambiwa.

Kabla ya kufadhaika, hata hivyo, tuulize mtoto alikula nini. Kiazi chekundu cha bitiruti hukitia choo rangi, na sharubati za rangi hufanya hivyo hivyo. Wala tusisahau mabuyu yanayoletwa katika masanduku kutoka nyumbani, yale yaliyopakwa rangi mpaka midomo na vidole vya watoto vikawa vyekundu kwa siku nzima. Rangi iliyoingia juu itatoka chini. Tukiacha mabuyu kwa siku tatu na wekundu ukaendelea, basi si mabuyu.

Na safari za nyumbani nazo zina sehemu yake. Mtoto aliyekaa likizo pande za Ziwa Viktoria, Mwanza au Kisumu, akaogelea au akachezea maji ya ufukweni, anaweza kurudi na kichocho cha matumbo, nacho huleta damu katika choo, na kikikaa muda mrefu huweza kuotesha vinyama vyake chenyewe ndani ya utumbo. Kichocho cha Unguja na Pemba ni cha namna nyingine, nacho huonyesha damu katika mkojo. Ameba pia huleta damu, lakini pamoja na kuhara na msokoto. Daktari wa hapa ambaye hakuambiwa kwamba mtoto aliogelea ziwani hana njia ya kulijua hilo. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na kinyama cha kawaida hakitibiwi kwa kidonge chochote. Ndiyo maana habari za safari hiyo zina thamani kubwa.

Sasa tukitazame kinyama chenyewe. Kile kinachoonekana zaidi kwa watoto ni cha mviringo, chekundu, laini, chenye kikonyo kama embe lililoning'inia mtini, na ndani yake mna vifuko vidogo vya ute. Ukubwa wake huanzia punje ya mchele na kufika hata zabibu kubwa. Aghalabu huwapata watoto wa kati ya miaka 2 na 6, na inakadiriwa kwamba katika kila watoto mia wa umri wa kabla ya shule, takriban mmoja anacho. Wengi wao huwa na kimoja tu, karibu na puru, yaani mwisho wa utumbo mpana. Lakini wako ambao chao kiko juu zaidi, na wako wenye viwili au vitatu. Ngozi ya kinyama hiki ni nyembamba mno, na choo kinapopita hukikwaruza, kikatoka damu. Maumivu hayako kwa sababu kinyama hakina mishipa ya kuhisi mkwaruzo. Pengine kikonyo hujisokota, kinyama kikakatika chenyewe na kutoka pamoja na choo. Mama akikutana na kitu kama hicho ndani ya poti asikitupe. Akitie katika chupa safi na kukipeleka hospitalini.

Kinyama cha namna hii, kikiwa kimoja na katika ukoo hamna wenye maradhi hayo, si saratani wala hakigeuki kuwa saratani. Tunalisema jambo hili kwa sauti kubwa, kwani tumewaona wazazi ambao neno hilo liliwatia hofu hata wakaogopa kwenda kupimwa. Kwa watoto walio wengi, hadithi yote humalizika asubuhi moja hospitalini.

Basi kama ni kitu chepesi hivyo, madhara yako wapi? La kwanza ni upungufu wa damu. Damu ya matone machache kila siku mbili tatu haimtishi mtu, lakini mwili wa mtoto ni mdogo, na madini ya chuma yanayotoka katika matone hayo hayarudi upesi. Vitabu vya hapa huandika kwamba mtoto mwenye upungufu wa damu hupauka uso. Kwa watoto wetu wenye rangi ya maji ya kunde au weusi, uso hautoi habari mapema. Tuvute kope ya chini ya jicho na kutazama ndani. Tutazame viganja, ulimi na ufizi. Mtoto anayechoka upesi, anayepumua kwa haraka akipanda ngazi, anayetafuna barafu au kuramba udongo, huyo damu yake ipimwe.

Wazazi wa binti mmoja wa miaka mitano wameturuhusu kuyasimulia yaliyowapata, kwa sharti la kutowataja wao wala mji wao. Damu ilianza kuonekana muda mfupi baada ya Idi. Mama alipiga simu nyumbani, akaambiwa ni chango, akamnywesha mtoto dawa za miti. Baada ya miezi miwili alikwenda kwa daktari wa mtaa; lakini daktari alikuwa mwanamume, na mama aliona haya kutaja choo mbele yake, akasema tu kwamba mtoto ana tumbo. Wakapewa dawa ya kulainisha choo, wakarudi. Kwa mama, damu ile ilikwisha kuwa kama kitu cha kawaida. Aliyeliona jambo hilo kwa jicho jipya alikuwa ni mwalimu wa shule, aliyeandika kwamba mtoto hukaa chini wakati wenzake wanapocheza. Na baba naye akakumbuka kwamba binti alikuwa akikwangua barafu ya friji na kuila. Damu ilipopimwa ilikuwa imeshuka hata kufika 7, ilhali kwa mtoto wa umri wake haipaswi kuwa chini ya 11 na ushei. Kinyama kilikuwa kimoja tu, chenye ukubwa wa kunazi. Kiliondolewa katika muda usiofika saa moja. Dawa ya madini ya chuma aliinywa kwa miezi mitatu, na sasa anawashinda kaka zake kwa mbio.

Tumekaa katika habari hiyo kwa makusudi, kwa sababu mama yule hakuwa mjinga wala hakuwa mzembe. Alikosa mtu wa kumsemea. Nasi tuna neno kwa akina baba: tukiwaachia wake zetu peke yao mambo ya poti na nepi, wao ndio watakaoijua damu na sisi ndio tutakaokwenda kwa daktari bila ya habari. Na kama Kiingereza ni kigumu, kila hospitali ya umma hapa huweza kuleta mkalimani bila ya malipo, hata kwa simu, na mama ana haki ya kumtaka mwanamke. Tusimfanye kaka wa miaka kumi kuwa mkalimani wa choo cha mdogo wake. Hataijua tafsiri ya maneno hayo, na akiyajua ataona haya vile vile.

La pili ni kinyama kuchungulia nje. Mtoto anapojikamua hutokeza kitu chekundu kama kunazi lililoiva, na mara nyingi hurudi chenyewe. Watu hudhani kwamba puru yote imetoka. Kisivutwe kamwe, kisifungwe uzi wala kuchomwa, kwa maana kikonyo kina mshipa wa damu ndani yake.

La tatu ni nadra, nalo ndilo la haraka. Kinyama kikubwa huweza kuuvuta utumbo ukaingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa kanzu unavyoingia ndani unapovuliwa kwa pupa. Mtoto hushikwa na maumivu makali ya kuja na kuondoka, hukunja miguu tumboni, hutapika, pengine matapishi ya kijani kibichi, na choo chake huweza kuwa kama ute mwekundu. Hapo hapasubiriwi asubuhi wala jibu la simu ya nyumbani. Ni kupiga 999 au kukimbilia chumba cha dharura. Utumbo uliobanwa hukosa damu, ukafa. Vile vile damu ikitoka nyingi kwa mfululizo, au mtoto akazimia au kuwa baridi, hiyo ni 999. Kwa ushauri usio wa dharura kubwa, iko namba 111.

Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hapa Uingereza hakuhitaji hati ya ukaazi, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Hospitalini mambo ni tofauti kidogo, kwani wako wageni wanaotozwa. Lakini mwenye ombi la ukimbizi linaloshughulikiwa hatozwi. Tumelisema hili kwa ajili ya wale wanaojificha na watoto wao.

Daktari wa mtaa akishuku kinyama, humpeleka mtoto kwa daktari wa matumbo ya watoto. Huenda kwanza akaomba choo chenyewe kipimwe maabara, ili kuona kama mna vijidudu au dalili za uvimbe wa utumbo. Kipimo chenye kumaliza shaka ni mpira mwembamba unaokunjika, wenye kamera na taa, unaopitishwa nyuma hadi mwanzo wa utumbo mpana. Watoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, wasione wala wasihisi kitu, na mzazi huruhusiwa kukaa nao mpaka wapate usingizi. Chombo hiki si cha zamani sana: ilikuwa ni mwaka 1969 huko New York ambapo daktari Hiromi Shinya alipokata kinyama cha utumbo mpana kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira huo. Kabla ya hapo, kinyama kilichokuwa juu kilihitaji tumbo kupasuliwa. Leo kitanzi huzungushwa katika kikonyo, hukazwa, umeme hupitishwa, kinyama kikakatika na kidonda kikafungika.

Taabu hasa iko siku iliyotangulia. Utumbo sharti uwe mtupu, na mtoto hunyweshwa dawa ya kuharisha, akawa hatoki chooni. Chakula hukatazwa, akabakia na vinywaji vyepesi. Katika karatasi ya maagizo huenda tukakuta kwamba jeli inaruhusiwa. Jeli nyingi za madukani hapa hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Tutafute ya halali au ya mimea, wala isiwe nyekundu, kwa kuwa mbele ya kamera rangi hiyo hufanana na damu. Kijana aliyebaleghe, kipimo chake kikiangukia Ramadhani, ni mgonjwa na ruhusa yake inajulikana. Asishurutishwe kufunga siku hiyo eti kwa kuwa na hivyo hali kitu. Dawa zile huhitaji maji mengi.

Kuondoa kinyama nako kuna hatari zake, na hatutaki mzazi azikute kwa mara ya kwanza katika karatasi anayotiwa kalamu mkononi aisaini. Damu huweza kutoka papo hapo, ikazuiwa kwa kamera hiyo hiyo. Au huweza kutoka baadaye, hata kufikia wiki mbili, pale kigaga cha kidonda kinapobanduka. Mara chache sana utumbo hutoboka. Basi mtoto aliyekatwa kinyama kisha akapata homa, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, au damu nyingi, arudishwe hospitali usiku huo huo. Kwa sababu ya hizo wiki mbili, ni busara kumuuliza daktari kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani. Ndani ya ndege ya saa nane si mahali pa kutokwa na damu. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila ya amri ya daktari, na hilo ni kwa watoto wote.

Kinyama kilichotolewa hupelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini. Wazazi wengi husikia kwamba operesheni imekwenda salama, wakarudi nyumbani na kusahau. Jibu la maabara huja baada ya wiki kadhaa, na hilo ndilo lenye habari kubwa. Tuulize mambo mawili: vinyama vilikuwa vingapi, na vilikuwa vya namna gani. Jibu likiwa ni kimoja, cha kitoto, na ukoo hauna habari ya vinyama, basi alhamdulillahi, imekwisha.

Lakini viko vinyama ambavyo si vya mtoto huyo peke yake, bali ni vya ukoo. Mtoto mwenye vinyama vya kitoto zaidi ya vitano, au mwenye kimoja naye ana baba au shangazi aliyekuwa navyo, huhesabiwa kuwa na maradhi ya kurithi, na hatari ya saratani ukubwani huwa si ndogo. Katika baadhi ya koo hizi watu hutokwa sana na damu puani, yaani muhina. Na wengi hudhani mambo mawili hayo hayahusiani. Jeni moja huyaleta yote mawili.

Namna nyingine huacha alama usoni: madoadoa meusi au ya hudhurungi midomoni na ndani ya mashavu, yanayoonekana tangu utotoni na pengine kufifia ukubwani. Daktari Mholanzi Jan Peutz aliyaeleza mwaka 1921 na Mmarekani Harold Jeghers akayaeleza tena mwaka 1949, na maradhi yakabaki na majina yao. Kwetu sisi, midomo yenye weusi si ajabu, na madoa hupita bila ya kuonwa. Ndani ya mashavu ndipo pa kutazama. Vinyama vya maradhi haya hukaa zaidi katika utumbo mwembamba, na hawa ndio wanaopatwa mno na ule utumbo kuingia ndani ya mwenzake.

Namna ya tatu ndiyo iliyo kali kuliko zote. Vinyama huanza kuota katika umri wa balehe, vikafika mamia hata maelfu, na asiyetibiwa takriban hakosi saratani ya utumbo, mara nyingi kabla au karibu ya miaka 40. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1991. Huwapata watu kama mmoja katika elfu kumi, nao hutibiwa kwa kuondolewa utumbo mpana kabla saratani haijaanza. Wakaishi, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Katika namna zote tatu tulizozitaja, mzazi mmoja mwenye jeni hutosha: kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Na wako wanaoanza wenyewe, bila ya mzazi aliyekuwa nayo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa matumbo ya watoto unataka watoto wa koo za namna hii ya tatu waanze kutazamwa kwa kamera kati ya miaka 12 na 14, na wale wenye madoa ya midomoni wasipite miaka 8, hata kama hawana dalili yoyote.

Maradhi haya yalianza kueleweka kwa kuuliza nasaba. Mwaka 1924, katika hospitali ya St Mark's ya London, mpasuaji Lockhart-Mummery na mwanamaabara Cuthbert Dukes walianza daftari la koo zenye vinyama. Na kijana msaidizi wao, Bussey, akatumia umri wake kuchora miti ya koo hizo: nani amezaa nani, nani amekufa, kwa umri gani, kwa maradhi gani. Daftari hilo lipo hata leo, nalo husemwa kuwa ndilo la zamani kuliko yote duniani la aina hiyo. Walijua nani katika ukoo yumo hatarini miongo mingi kabla ya jeni kuonekana.

Sisi ni watu wa nasaba. Wako miongoni mwetu wanaoweza kuhesabu babu kumi na mbili hadi Hadhramaut au Nizwa bila ya kuvuta pumzi, na wataalamu wa lugha yetu walipotafuta jina la hizi jeni walitwaa neno hilo hilo wakaziita vinasaba. Lakini muulize huyo mjuzi babu yake alikufa kwa nini, atakwambia alikufa kwa tumbo. Na ami yake? Naye kwa tumbo. Alikuwa na umri gani? Alikuwa bado kijana. Mahali pengine watu wangelishtuka kusikia vijana wawili wa nyumba moja wamekufa kwa tumbo. Sisi tunasema ni ajali ya Mungu, tunawasomea Fatiha, na mazungumzo yanahama. Ajali ni ya Mungu kweli, wala habari ya maradhi haiipunguzi.

Tena kuna kuficha kwa kusudi. Familia yenye maradhi huogopa kwamba binti zao hawataposwa. Hofu hiyo ina msingi, hatutaki kuifanyia mzaha. Tumeona posa zikivunjika kwa sababu ndogo kuliko hizo. Lakini anayefichiwa ni mwana wa ndugu aliyeko Toronto, mwenye miaka 15, ambaye kamera moja ingeliyaokoa maisha yake.

Na kuhusu kuoana kwa watoto wa ami na wa shangazi, ambako hapa tunalaumiwa nako kila siku, tuseme lililo sawa. Maradhi matatu tuliyoyataja hayaletwi na ndoa hizo, kwa kuwa mzazi mmoja hutosha. Lakini yako mengine, adimu zaidi, yanayohitaji jeni mbovu kutoka kwa mama na kwa baba pia, na hayo huonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa wa damu moja. Limo moja linalowashika watoto wadogo: huota vinyama katika utumbo, ngozi ikawa na madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, na saratani za ubongo, damu au utumbo huweza kuja mapema. Daktari akiuliza kama wazazi ni ndugu, hatukani. Anatafuta jambo hilo. Ajibiwe kweli.

Mtoto akionekana kuwa na jeni ya ukoo, hospitali za hapa huipeleka familia kwa wataalamu wa vinasaba, na hao huwapa barua ya kuwagawia jamaa. Barua huandikwa jina la jeni na mahali hasa palipoharibika ndani yake. Ndugu aliyeko Maskati, Nairobi au Toronto akiifikisha kwa daktari wake, maabara haitakuwa na haja ya kuipekua jeni nzima. Itatazama mahali hapo pamoja tu, na jibu litakuwa lipo au halipo. Mwenye kuonekana halipo huachana na kamera kwa ajili ya maradhi hayo, yeye na wanawe. Barua hiyo ni ya Kiingereza, kwa hiyo iandikiwe nyuma yake kwa Kiswahili au Kiarabu maneno machache ya kuieleza. Picha yake hutumwa kwa simu siku hiyo hiyo, kwa jamaa wote, hata kwa wale ambao tumekosana nao kwa mirathi.